Kadi 144 za vivumishi vya Kiingereza vyenye kistari: shajara ya mradi

Lengo ni seti ya kadi za kujifunzia vivumishi ambatani vya Kiingereza kama "well-known", "kind-hearted" na "time-consuming". Kila kadi ina neno, idadi ya silabi, namna neno lilivyoundwa na mahali mkazo unapoangukia, pamoja na faili fupi ya sauti. Mlengwa ni mzungumzaji wa Kiswahili anayeelewa maneno haya akiyasoma, lakini akiyatamka msikilizaji humwomba arudie. Matamshi tuliyofuata ni ya Uingereza. Humu ndani herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo mkuu.

Februari 3: Orodha

Tulianza na maneno 210 kutoka magazetini na vitabu vya sekondari, yakabaki 144. Tuliondoa yale ambayo siku hizi huandikwa bila kistari (waterproof, homesick, airtight) na yale yanayorudia maana moja. Mgawanyo kwa muundo: kivumishi na nomino yenye -ed, kama "kind-hearted", maneno 38, kielezi au kivumishi pamoja na umbo la kitenzi, kama "well-known" na "good-looking", 22, nomino na kitenzi cha -ing, kama "time-consuming", 24, nomino na kivumishi, kama "brand-new", 26, namba na nomino, kama "five-year", 18, yanayoanza na self-, 10, na mafungu marefu kama "up-to-date", 6.

Kosa la kwanza lilikuwa la chujio. Kiingereza hakiweki kistari baada ya kielezi cha -ly: "a newly built house", "a highly paid job". Kwa hiyo tuliiagiza kompyuta itupe kila neno lenye "ly-" ndani yake. Ikatupa "family-friendly" na "friendly-looking", ambayo ni halali kabisa, kwa kuwa "family" ni nomino na "friendly" ni kivumishi, ingawa yote mawili yanaishia kwa herufi hizohizo. Tumeyarudisha kwa mkono. Anayeiga kazi hii aangalie aina ya neno kabla ya kuangalia mwisho wake.

Kosa la pili ni la Excel. Ukiandika "-ed" au "-ing" kwenye seli tupu, programu hudhani umeanza hesabu ya kutoa na inakurudishia #NAME?. Safu nzima ya viambishi ilijaa alama hiyo. Dawa: badili seli ziwe za maandishi kabla hujaandika chochote, au tanguliza alama ya ' mbele ya kistari.

Februari 8: Kuhesabu silabi

Jaribio la kwanza lilikuwa fomula inayohesabu irabu zilizoandikwa, na irabu zinazofuatana zikahesabiwa moja. Wazo la kuhesabu irabu limetokana na mazoea ya Kiswahili, ambako kila irabu ni silabi, ukiongeza tu nazali zinazosimama peke yake kama m ya "mtu". Kwa Kiingereza haifai hata kidogo. "Part-time" ilipewa silabi 3 badala ya 2. "Home-made" ilipewa 4 badala ya 2. "Old-fashioned" ilipewa 4 badala ya 3. Chanzo ni e isiyotamkwa mwishoni mwa neno na e ya -ed ambayo mara nyingi haina sauti.

Tukahamia kamusi ya matamshi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Ni ya bure, ina maneno zaidi ya 130,000, na unaipakua kama faili moja ya maandishi. Kila irabu inayotamkwa imewekewa namba: 0 haina mkazo, 1 mkazo mkuu, 2 mkazo wa pili. Ukihesabu namba umehesabu silabi. "Time" ni T AY1 M, na "consuming" ni K AH0 N S UW1 M IH0 NG. Jumla namba nne, silabi nne. Tunavunja neno kwenye kistari, tunatafuta kila kipande, tunajumlisha. Kamusi ni ya Kimarekani, lakini r inayotamkwa Marekani na kunyamazishwa Uingereza haiongezi silabi katika orodha yetu, hivyo hesabu imesimama.

Muda uliotumika: saa 5, tatu kati yake zikipotelea kwenye fomula ya kwanza.

Februari 16: Kiambishi -ed

Hapa ndipo maneno mengi ya orodha yanapoharibika, kwa maandishi na kwa sauti, kwa hiyo tumekaa hapa zaidi ya tulivyopanga.

Kwanza muundo. -ed ya "blue-eyed" haihusiani na wakati uliopita. Hakuna aliyefanya kitendo. Imebandikwa kwenye nomino kuleta maana ya -enye: "blue-eyed" ni mwenye macho ya bluu, "bad-tempered" ni mwenye hasira za karibu, "three-legged stool" ni kigoda chenye miguu mitatu. Mwanafunzi akielezwa hivi, anaacha kuandika "a bad-temper man". Tumeandika neno "-enye" upande wa nyuma wa kadi zote 38 za kundi hili na hatukuongeza maelezo mengine.

Lakini -enye inakuja na mtego wake. Kiswahili husema macho, miguu, miaka, wingi ukiwa wazi, na mwanafunzi anaubeba wingi huo hadi kwenye Kiingereza: "blue-eyes girl", "five-years-old boy", "a three-years plan". Ndani ya kivumishi ambatani cha aina hii nomino haichukui -s ya wingi, hata kama ni miaka mia: "a hundred-year lease". Kadi za namba zina mstari mmoja unaoonyesha sura zote mbili: "The boy is five years old", kisha "a five-year-old boy". Mstari wa kwanza ni sentensi ya kawaida, kwa hiyo una -s na hauna kistari. Wa pili ni kinyume chake.

Sasa sauti. Baada ya t au d, kiambishi kinatamkwa "id" na kuongeza silabi: hand-ed, heart-ed, sight-ed, mind-ed. Baada ya konsonanti isiyo na ghuna, yaani isiyotetemesha nyuzi za sauti, kama s ya "dressed" na "priced", kinakuwa t tupu. Kwingine ni d tupu: eyed, haired, tempered, fashioned. Kwa hiyo "well-dressed" ni silabi 2, inaishia kwa "st". Ulimi uliozoea silabi wazi huongeza irabu, ikawa "wel-dre-sed" au "wel-dres-ti", na mdundo wa neno zima unaharibika.

Yapo maneno yasiyofuata kanuni hiyo. "Legged" katika "four-legged" kwa kawaida hutamkwa silabi mbili, leg-id, ingawa g si t wala d. "Aged" ni la hatari zaidi: katika "an aged man" ni silabi mbili, lakini katika "middle-aged" ni silabi moja. Fomula yetu ilichukua tamko la silabi mbili na kuipa "middle-aged" silabi 4. Ni 3: mid-dle-aged. Tumelirekebisha kwa mkono na kuliwekea alama kwenye jedwali ili fomula isilirudishe.

Februari 25: Kanuni ya mkazo, toleo la kwanza na la pili

Kamusi tuliyotumia kwa silabi haitoshi kwa mkazo. Ukiunganisha vipande viwili, kila kimoja kinakuja na 1 yake, unapata neno lenye mikazo mikuu miwili. Mmoja lazima ushuke. Swali ni upi.

Toleo la kwanza lilisema: neno likiishia kwa -ing, mkazo mkuu uko kipande cha kwanza, kwingine kote, cha pili. Lilipata sawa TIME-consuming, REcord-breaking, MOUTH-watering, ENGlish-speaking. Kisha likaja "good-looking", likaandikwa GOOD-looking, na vivyo hivyo "hard-working", "easy-going" na "long-lasting". Yote manne ni makosa: ni good-LOOKing, hard-WORKing, easy-GOing, long-LASTing.

Tofauti haiko mwishoni mwa neno, iko mwanzoni. Katika "record-breaking" kipande cha kwanza ni nomino, na kwa maana ndicho shamirisho: inavunja rekodi. Katika "hard-working" kipande cha kwanza kinaeleza namna: anafanya kazi kwa bidii. Nomino inauvuta mkazo kwake, kielezi au kivumishi hakiuvuti. Kiswahili nacho huunganisha kitenzi na shamirisho, ila kwa mpangilio wa kinyume: mchapakazi, kipazasauti. Halafu mkazo wetu haujali nani ni shamirisho. Unakwenda silabi ya pili kutoka mwisho, mchapaKAzi, basi. Kwa hiyo anayetafsiri kichwani ana mambo mawili ya kugeuza kwa wakati mmoja, mpangilio na mkazo, na kadi lazima imwonyeshe yote mawili.

Toleo la pili linaangalia aina ya kipande cha kwanza, si mwisho wa neno. Limepatia makundi yote isipokuwa moja: nomino na kivumishi. Hapo kuna vikundi vidogo tu. Penye maana ya "kama", mkazo uko mwisho: ice-COLD ni baridi kama barafu, snow-WHITE, dirt-CHEAP. Vya -free pia uko mwisho: duty-FREE, sugar-FREE. Vya -proof uko mwanzo: CHILD-proof. Halafu kuna HORSE-drawn na MOTH-eaten upande mmoja, home-MADE na man-MADE upande mwingine, na hakuna fomula ya jedwali itakayokueleza kwa nini. Tumeacha kutafuta kanuni. Maneno 26 yanakaguliwa kwenye kamusi ya matamshi ya Uingereza kwa saa moja na nusu, na majibu yanakuwa sahihi.

Tahadhari kwa atakayekagua: alama ya mkazo mkuu, kamstari kadogo juu ya mstari, hukaa kabla ya silabi inayohusika. Katika /ˌwel ˈnəʊn/ alama ya juu ni ya "nəʊn", na ile ya chini, ya mkazo wa pili, ni ya "wel". Kadi 9 ziliandikwa kinyume kwa sababu alama ilisomwa kama ya silabi iliyotangulia.

Machi 5: Chapa ya kwanza, imetupwa

Kadi zote 144 zilichapwa kwenye karatasi ngumu za A4, nane kwa karatasi, jumla karatasi 18. Zote zimetupwa.

Kila kadi ilikuwa na alama moja ya mkazo, na kivumishi ambatani cha Kiingereza kwa kawaida hakitamkwi kwa namna moja. Kikikaa mwisho wa sentensi, tunapata "The dress is old-FASHioned". Kikitangulia nomino, mkazo unarudi nyuma: "an OLD-fashioned DRESS". Vilevile "She is well-KNOWN", lakini "a WELL-known WRIter". Sababu ni mdundo. Kiingereza hakipendi migongano ya silabi nzito; nomino inapokuja na mkazo wake mara tu baada ya kivumishi, mkazo wa kivumishi unasogea kwenda silabi ya mwanzoni zaidi ambayo tayari ina mkazo wa pili. Wanaisimu Mark Liberman na Alan Prince waliuchambua mdundo huu kwa kina mwaka 1977, na mfano unaotumika sana ni namba: thirTEEN, lakini THIRteen MEN.

Vivumishi ambatani vinakumbwa na jambo hili kuliko vivumishi vya kawaida. "Content" katika "a content child" haina mahali pa kurudisha mkazo, kwa kuwa silabi ya kwanza ni dhaifu. "Well-known" ina "well" nzima, yenye irabu kamili na mkazo wa pili, inayosubiri. Karibu kila neno la orodha yetu lina nafasi hiyo. Vile vyenye mkazo mwanzoni tayari havisogei: "It is TIME-consuming", "a TIME-consuming JOB".

Wala si lazima silabi nzito ziguse. Katika "a BAD-tempered DOG" kati ya "tem" na "dog" kuna silabi nyepesi, na bado mkazo hurudi.

Marekebisho: kadi ina pande mbili. Mbele, sentensi ambamo neno linakaa mwisho. Nyuma, neno likiwa mbele ya nomino yenye mkazo kwenye silabi ya kwanza. Tumechagua nomino fupi (dog, dress, writer, job) ili mgongano usikike wazi.

Machi 14: Kistari chenyewe

Katika mpangilio mpya maneno marefu yalikatika mwisho wa mstari: "five-" juu, "year-old" chini. Ndani ya Word tukatumia kistari kisichokatika, Ctrl+Shift+kistari. Kadi zikanyooka. Kisha tukanakili maneno kutoka kwenye kadi kurudi kwenye jedwali, na ghafla maneno 31 hayakuonekana tena kwenye utafutaji, ingawa kwa macho yalikuwa pale pale.

Kwa kompyuta kile ni herufi tofauti. Kwa namba za Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, kistari cha kibodi ni U+002D, kisichokatika ni U+2011, na kile kirefu ambacho Word hujiwekea yenyewe ukiacha nafasi pande zote mbili ni U+2013. Jicho halitofautishi kabisa viwili vya kwanza. Sasa jedwali ndilo asili, lenye U+002D pekee, na kubadilisha kunafanyika mara moja tu, hatua ya mwisho kabla ya kuchapa. Hakuna kinachonakiliwa kurudi nyuma.

Machi 23: Sauti

Rekodi ya kwanza ilikuwa msomaji akisoma maneno 144 mfululizo. Haifai. Mtu akisoma orodha, sauti yake inapanda mwishoni mwa kila neno, na kupanda huko kunafanana na mkazo. "Time-consuming" ilisikika kama ina uzito mwishoni.

Tulizipima chache kwa Praat, programu ya bure ya kuchambua sauti kutoka Chuo Kikuu cha Amsterdam. Mipaka ya kidatu, yaani kiwango cha sauti kuwa juu au chini: 75 hadi 300 Hz kwa sauti ya kiume, 100 hadi 500 kwa ya kike. Ukiweka mipaka mipana mno, mstari wa kidatu huruka juu ghafla na kukudanganya. Tulitegemea irabu dhaifu itusaidie kutambua kipande kisicho na mkazo mkuu, kama inavyosaidia katika maneno ya kawaida ya Kiingereza. Haikusaidia: "known" inabaki na irabu yake kamili hata mkazo ukihamia "well". Kinachobadilika wazi ni kidatu. Kwa hiyo anayesikiliza kadi hizi aambiwe afuate sauti inapoanzia kushuka, asitafute irabu iliyomezwa.

Rekodi ya pili ilitumia sentensi nzima, zile zile za mbele na nyuma ya kadi. Matokeo mazuri. Kisha tukasafisha kelele, na usafishaji ukala mwisho wa maneno: "well-dressed" ikabaki "well-dress". Ile t ndogo ya mwisho, ambayo ndiyo somo lenyewe la kadi, programu iliiona kama mkwaruzo. Tumepunguza nguvu ya usafishaji, tumerekodi upya kadi zote za -ed chumbani penye mapazia mazito, na tunaacha sekunde 0.3 za kimya baada ya kila neno kabla ya kukata.

Aprili 3: Majaribio

Wasomaji sita, wote wazungumzaji wa Kiswahili, walisoma kadi kwa sauti kabla ya kusikiliza faili. Mwanzoni matokeo yalionekana mazuri kupita kiasi. "Kind-HEARted", "short-SIGHTed", "bad-TEMpered", "user-FRIENDly", zote sawa. Tulipopanga majibu kwa idadi ya silabi, sababu ikajitokeza: walikuwa wakiweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili, na kwa maneno hayo Kiingereza kinaangukia hapo hapo. Kipimo kilikuwa kinapima mazoea.

Kwa hiyo karibu kila neno lina upande wake wa kukosea. "Old-fashioned" inasomwa sawa mwisho wa sentensi na inakosewa mbele ya nomino. "Well-known" ni kinyume: mbele ya nomino mazoea yanapatia, WELL-known, lakini mwisho wa sentensi yanakosea, kwa kuwa silabi ya mwisho ndiyo inayotakiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa brand-NEW na dirt-CHEAP. "Time-consuming" inakosewa pande zote mbili: con-SU-ming. "Horse-drawn" inapatiwa pande zote mbili bila mtu kujua lolote.

Tumeweka nukta nyekundu kwenye upande ambao mazoea ya Kiswahili yanakosea, na kwa jaribio tunahesabu pande zenye nukta tu. Atakayetengeneza seti yake asiruke hatua hii. Bila nukta, mwanafunzi anaweza kupita nusu ya kadi bila kujifunza mkazo hata kidogo.

Aprili 9: Chapa ya pili na gharama

Karatasi 18 kwa Sh 250 ni Sh 4,500. Kuchapa pande mbili Sh 300 kwa karatasi, Sh 5,400. Jumla Sh 9,900. Chapa iliyotupwa iligharimu kiasi hicho hicho. Maikrofoni ya kubana kwenye shati Sh 15,000, kifurushi cha intaneti Sh 3,000. Mradi mzima: Sh 37,800.

Kwa wanaochapa pande mbili: chagua kugeuza kwa ukingo mrefu, na kwenye ukurasa wa nyuma badilisha nafasi za safu ya kushoto na kulia, la sivyo nyuma ya "old-fashioned" utakuta "ice-cold". Chapa karatasi moja kwanza, ishikilie kwenye mwanga wa dirisha, hakikisha maneno yanalingana, ndipo uchape 17 zilizobaki.

Yaliyobaki: kadi 6 za mafungu marefu bado hazina sauti ya upande wa nyuma. "Up-to-DATE" na "an UP-to-date LIST" zinahitaji kurekodiwa upya, kwa kuwa "to" ilitamkwa kwa irabu kamili badala ya ile hafifu.